Mchanga Alioukataa Bi Sikujua

Wako watu hapa Mkandaani wanaosema Bi Sikujua binti Ashrafu aliichelewesha shule. Wanalisema barazani, wanalisema kwenye boti ya Nyamisati, na kuna aliyelirusha kwenye simu likawafikia hata jamaa zetu waliohamia Mbagala. Mimi nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, kalamu mkononi, maana ndimi niliyeandika mihtasari ya kamati. Basi na mimi nitasema langu. Aliichelewesha, ndiyo. Na ilistahili kucheleweshwa.

Kwanza mjue ni mtu gani.

Alizaliwa ukingoni mwa uwanda wa chumvi, ule ulio nyuma ya mikoko, ambako siku hizi huoni kitu ila kaa na mifuko ya plastiki. Utotoni mwetu, kila kiangazi, nyumba kumi na mbili zilihamia huko na vyungu vyao. Bamvu, yale maji makuu ya mwezi, likishatoka, jua likapiga siku nne mfululizo, ardhi huota ukoko mweupe. Wanawake waliukwangua kwa vifuu, wakautia kwenye kapu la ukili lililotundikwa kwenye miti mitatu, wakamimina maji juu yake. Yaliyodondoka ndiyo yaliyopikwa kwenye madebe mpaka yakakauka, ikabaki chumvi. Ujuzi wote ulikuwa katika kutambua lini maji yameiva ya kupikwa na lini yarudishwe kapuni, kwa kuwa ukipika maji mepesi unamaliza kuni bure. Kipimo hakikuwapo. Ulikuwapo ulimi.

Mama yake, Bi Johari, alimpa aonje kapu moja baada ya jingine, na akikosea alikaa bila uji mpaka adhuhuri. Alipofika miaka kumi alikuwa hakosei. Alionja maji akasema yametoka mkono gani wa mto, na kama yalichotwa yakijaa au yakipwa. Watoto wenzake tulimfunga kanga machoni tukamletea maji ya kila mahali ili tumcheke, na sikumbuki siku tuliyomcheka.

Chumvi ile ilifika Ikwiriri, ikapanda mpaka milimani kwa Wamatumbi. Leo chumvi inakuja kwenye pakiti, na kukata mikoko ovyo kwa kuni kumekatazwa. Sibishani na katazo. Ninachosema ni kwamba ulimi ule ulibaki bila kazi, na kijiji kikafikiri kitu kisicho na kazi hakina maana. Sikujua akalima mpunga, akasuka mikeka, akazika mume, akalea wajukuu. Darasani hakuingia hata siku moja. Mimi pia sikuingia, nilijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na ndevu zangu. Labda ndiyo sababu sisi wawili tuliipenda shule kuliko hao walioipata bila kuitamani.

Shule yenyewe tuliijenga kwa mikono yetu mwaka wa sabini na nne. Mawe tuliyatoa visiwani kwa mitumbwi. Chokaa tuliichoma wenyewe, tukaiacha shimoni miezi sita ipoe, kama walivyofanya babu zetu kabla mtu hajasikia neno saruji. Dari ilikaa juu ya boriti za mkoko alizozichagua marehemu mzee Ashrafu, baba yake Sikujua, mti mmoja mmoja. Zile kuta zilikaa miaka thelathini na kipele hazikuota.

Kisha ukaja ukarabati wa kwanza. Tuliambiwa chokaa ni mambo ya kizamani. Ikabanduliwa kwa nyundo, kuta zikapigwa plasta ya saruji, na mchanga wa plasta ukachotwa ufukweni kwa kuwa ndiko karibu. Sikujua alikuwa akipita na mzigo wa ukindu kichwani. Alisimama, akachovya kidole kwenye lundo, akaonja, akatuambia mchanga una chumvi na ukuta hautaupenda. Tulicheka. Mmoja wetu alimuuliza kama anataka na ndimu. Halafu karatasi ya kupokea vifaa ikaletwa na mimi, msomi wa kijiji, nikatia saini. Nakala ninayo mpaka leo, na kila nikiitazama naona aibu upya.

Haikupita miaka mitatu kuta zikaanza kutoka jasho. Asubuhi ulikuta zimeota manyoya meupe, ukipangusa yanarudi. Plasta ikavimba kama andazi. Siku moja ya masika, saa nne, pande la ukutani liliporomoka darasa la tatu likamvunja mtulinga Maimuna, mjukuu wa Sikujua. Maimuna sasa ni mama wa watoto wawili na mkono wake wa kulia bado haufikishi ndoo kichwani. Bibi yake hakuniambia neno. Afadhali angenitukana.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, mwaka juzi, ulipokuja ukarabati wa pili. Safari hii ulikuwa mkubwa: vyumba viwili vibomolewe nusu na kuinuliwa upya, linta ya zege juu, sakafu ya marumaru, madirisha ya vioo ya kusukuma, umeme wa jua. Nilisoma orodha ile kwenye mkutano na watu wakapiga makofi kwa kila neno wasilolielewa. Mwongozo ulitaka kamati ya mapokezi ya watu watatu, mmoja wao mwanamke wa kijijini asiye mtumishi. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mrisho, alimpendekeza Sikujua. Aliniambia pembeni sababu yake: mama yule ni mkimya, hajui kusoma, atatia dole twende zetu. Wa pili alikuwa Mrisho mwenyewe, na wa tatu mwalimu mkuu, Eufrasia, mtu wa Mbinga, aliyeletwa huku akiwa msichana na hakuomba uhamisho hata mara moja, jambo ambalo kwa walimu wa huku ni la kuandikwa.

Mabati yalikuja, Sikujua akayagonga kwa kucha, akatia dole. Saruji ilikuja, akatia mkono kati ya mifuko kuona kama imepata unyevu, akatia dole. Nondo vilevile. Mrisho alifurahi na uteuzi wake.

Mchanga uliletwa na Paschal, mfanyabiashara kutoka bara mwenye boti tatu. Ulikuwa mchanga mzuri kwa macho, mweupe, umechekechwa. Vijana waliushusha mpaka lundo likafika madirishani. Sikujua alichukua punje chache kwa ncha za vidole, akazitia mdomoni, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza, akatema.

"Huu wa baharini," akasema. "Sitii dole."

Paschal alikuwa mcheshi, kila mtu anampenda. "Bibi, mchanga huu tunajengea," akamwambia. "Hatuungii mchuzi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, safari ile nilikuwa nimeshajifunza.

"Ukuta nao unakula, mjukuu wangu," Sikujua akajibu. "Ukiulisha chumvi unashikwa na kiu. Ukinywa unavimba. Ukivimba unatapika, na anayetapikiwa ni mtoto wa mtu."

Akafuta kidole chake kwenye kanga, ingawa hakikuwa na wino, akaenda zake.

Tatizo lilikuwa tarehe. Mwaka wa serikali hufunga mwisho wa Juni, na kazi isiyofanyika fungu lake hurudi lilikotoka. Ilikuwa imeingia wiki ya pili ya Mei. Mwalimu Eufrasia alimfuata nyumbani kwake, nami nilikwenda naye. Alikaa kwenye mkeka kama mtoto wa nyumba ile, akamweleza kwamba madarasa matatu yanasoma katika chumba kimoja, kwamba mvua ikinyesha anawarudisha watoto makwao, kwamba amesubiri siku hii miaka kumi na tisa. Hakupaza sauti. Alimwomba tu kama mtu anavyomwomba mama yake. Sikujua alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea muhogo, akamwambia naye ana mjukuu wa darasa la pili anayerudishwa na mvua, na kwamba mtoto aliyerudishwa na mvua hurudi na mikono yake yote miwili. Wakati wa kuondoka mwalimu alimshika mkono, na jibu likabaki lilelile.

Mrisho yeye alikuja na vitisho. Alisema atamwondoa kwenye kamati. Hapo nilifungua mwongozo nikamsomea kwamba mjumbe aliyechaguliwa na mkutano wa kijiji huondolewa na mkutano wa kijiji, na mkutano hutangazwa siku saba kabla. Aliniuliza niko upande gani. Nikamwambia niko upande wa ukurasa wa kumi na nne.

Katika hizo siku saba ndipo lilipofanyika kosa ambalo watu wa kwingine wasingeweza kulifanya, na sisi tulipaswa kuwa wa mwisho kulifanya.

Mhandisi wa wilaya alikuja kukagua. Jina lake Nicolaus, kijana mtaratibu, anayevua viatu akiingia barazani. Alipoelezwa mgogoro alisema mama ana hoja, mchanga wa chumvi haufai, lakini dawa ipo: uoshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mara mbili tatu, kisha upimwe. Akarudi Kibiti siku hiyohiyo.

Kijiji kikafurahi. Kesho yake watu walitoka wote, ndoo na madumu, na ngoma juu. Mto uko hatua hamsini kutoka shuleni, na siku hiyo maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, unachota bila kuinama. Tuliosha lundo lile tangu saa tatu hadi saa nane. Fundi mkuu Hemedy, aliyetoka Dar na vijana wake, alisema hajaona kijiji chenye umoja namna hii. Mimi mwenyewe, na umri huu, nilibeba ndoo sita.

Sikujua alikuwa ng'ambo, kwenye mpunga wake. Alirudi alasiri na mtumbwi, akatukuta tumekaa kivulini tumechoka na tunajisifu. Akaenda kwenye lundo, akaonja.

"Mmechota saa ngapi?" akauliza.

Tukageukia mto. Huo mto wetu hupokea bahari mara mbili kila siku. Maji yakijaa ni ya baharini, yakipwa mpaka mwisho ndipo maji ya juu hushuka, na hata hayo mwezi Mei hapa kwetu yana mchanganyiko. Kila mtu mzima wa Mkandaani alilijua hilo tangu alipokuwa akinyonya. Lakini sasa tuna bomba na tenki, tunafungua koki, na mto umekuwa kitu cha kupitia boti. Tulikuwa tumeosha chumvi kwa chumvi, kwa nyimbo.

Mngetarajia watu wangeona haya. Walikasirika. Mtu akikuonyesha upumbavu wako ukiwa umechoka, huuchukii upumbavu, unamchukia yeye. Jioni ile maneno yalianza: kwamba Sikujua anamlipizia kisasi Maimuna, kwamba anatafuta kuhongwa, kwamba ni mchawi wa chumvi kama mama yake. Hemedy alipita mlangoni kwake akamwambia, "Bi mkubwa, unatukalisha bure, nasi tuna watoto." Naye akamwambia akae vizuri, kuna kivuli.

Siku ya mkutano watu walijaa uwanja wa shule. Ajenda ilikuwa moja, nami niliiandika kwa mkono wangu: kumwondoa mjumbe. Sikujua alikuja wa mwisho. Kichwani alikuwa na sufuria, mkononi mzigo wa kuni, na nyuma yake Maimuna akiwa na dumu la maji ya mvua kwa mkono wa kushoto. Akapanga mafiga matatu mbele ya meza ya mwenyekiti, akawasha moto.

"Dada Sikujua," Mrisho akasema, "tumeitana kwa mkutano, hatukuitana kwa shughuli."

"Endeleeni. Mimi napika."

Alimwita Paschal kwa jina, akamwomba akachote yeye mwenyewe mchanga, popote anapopenda katika lundo, ili isije kusemwa kwamba ameutia kitu. Paschal akachota ndoo, akiinama kama bwana harusi, watu wakicheka. Kisha Sikujua akapitisha kata ya maji ya mvua kwa mwalimu Eufrasia na kwa Mrisho, wayaonje kwanza. Wakasema ni maji tu. Akautia mchanga kwenye kifumbu kile cha kuchujia tui, akamimina maji ya mvua juu yake, yakadondokea sufuriani. Akaonja. Akayarudisha kifumbuni. Akaonja tena. Nilikuwa sijauona mkono ule ukifanya kazi ile kwa zaidi ya miaka arobaini, na sioni aibu kusema kwamba kalamu ilinishinda kwa muda.

Mkutano uliendelea, au ulijifanya unaendelea. Watu walisimama wakamsema. Alisemwa na wanaume aliowapokea wakizaliwa. Mrisho alihitimisha kwa kumuuliza kama kijiji kizima kina makosa na yeye peke yake ndiye mwenye haki.

Sikujua alikuwa akipunguza kuni. "Mara ile ya kwanza pia nilikuwa peke yangu," akasema. "Muulizeni Maimuna ilikuwaje."

Maimuna alijaribu kuinua mkono wa kulia, ukafika begani, ukaishia hapo.

Maji yalikauka polepole. Waliokuwa nyuma wakasogea mbele. Ulipobaki mchemko wa mwisho, ule unaopasuka kama mbegu za ufuta, wanawake watatu wazee walianza kunung'unika wimbo wa uwandani bila kujua kwamba wanauimba. Sikujua aliipua, akakwangua sufuria kwa kijiko. Ilitoka chumvi, ya kijivu kidogo, ya kujaza kiganja. Akafunua bakuli la muhogo wa kuchemsha, akainyunyizia, akazunguka mtu kwa mtu.

"Onjeni shule yenu," akasema.

Paschal alitafuna, na kwa mara ya kwanza hakupata mzaha. Hemedy alimeza, akatazama lundo, kisha akatazama nondo zake zilizosimama tayari. Mwalimu Eufrasia alikula kipande chake chote taratibu. Kisha akasimama akasema kwamba hatalipokea lundo lile hata kama atafundisha jua kali mpaka astaafu, na kwamba kwa hiyo saini zinazokosekana sasa ni mbili. Mrisho hakuitisha kura. Alisema mkutano umeahirishwa kwa ajili ya sala ya adhuhuri, ingawa adhuhuri ilikuwa bado.

Chumvi iliyobaki niliifunga katika karatasi ya daftari, nikaenda nayo Kibiti kesho yake. Nicolaus aliifungua mezani kwake, akagusa kwa ulimi.

"Mzee, hii mmeitoa wapi?"

"Shuleni," nikamwambia.

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaandika barua papo hapo kwamba lundo libadilishwe.

Mchanga mwingine ulitoka Mtunda, machimbo ya bondeni, kwa lori hadi Nyamisati na kwa boti hadi kwetu. Ulichukua wiki tatu. Sikujua aliuonja, akameza mate, akanyoosha dole. Lundo la zamani tulijazia mashimo ya njia. Lakini Juni haingoji mtu: chumba kimoja kilikwisha, cha pili kikabaki kuta za kiunoni, na fungu lake likarudi. Hilo ndilo wanalolipigia kelele mpaka leo. Katika mkutano uliofuata walimtoa kwenye kamati, kwa kura, kwa utaratibu, siku saba zikiwa zimetimia. Wakamweka Yasmini, mpwa wa Mrisho, aliyemaliza kidato cha nne. Niliandika muhtasari huo nao.

Mtaniuliza kama ninajuta. Sijuti. Mnataka vyumba viwili vya haraka, mna simu za kuvipigia picha. Sisi tulichoma chokaa tukaingoja miezi sita, na hakuna mtoto aliyevunjika. Chumba kile kimoja kimepita masika mawili. Nimekipitishia kiganja mwenyewe, kona zote nne, kiganja kimerudi kikavu. Marumaru zake sizipendi, zinateleza kama samaki, na boriti za mzee Ashrafu waliziuza kuni. Lakini ukuta ni ukuta.

Mwaka huu fungu la chumba cha pili limetoka tena. Yasmini anatia saini nzuri, yenye mkia. Hata hivyo nimeona jambo. Boti ya mchanga ikifika, haishushwi. Kwanza Paschal huchota gao moja, mchanga wa kujaza kiganja, hulifunga kwenye jani la mgomba, hulipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa Sikujua, huvua kofia, hungoja. Hakuna aliyemwagiza, na katika mwongozo hakuna ukurasa huo. Bibi huonja akiwa palepale kwenye mkeka wake, ukili mkononi. Akimeza, wanashusha.

Wiki iliyopita alitema. Boti iligeuzwa.